Rafiki Yangu Amehamia Upande Wangu

Nina malalamiko na sijui niyapeleke ofisi gani. Chifu atanicheka. Tume ya uchaguzi haina dawati la mambo haya, na wazee wa ritongo wakinisikia wataniuliza kama nimeanza kunywa asubuhi. Jambo lenyewe ni hili: kwa miaka na mikaka nilikuwa na mpinzani wangu wa kisiasa hapa Kehancha, mpinzani wa kutegemewa, na serikali imeninyang'anya. Haikumfunga, ingemfunga ningempelekea uji. Imemfanya akubaliane nami.

Mtu mwenyewe ni fundi cherehani. Kwao ni Magunga, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Alifika huku Kuria akiwa kijana mwembamba mwenye cherehani ya kukanyaga, akapanga chumba, akaoa, akazaa, akanenepa, na leo Kikuria chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu wanaokaa Nairobi. Mimi ni mtu wa mahindi: nanunua, naanika, nahifadhi, nauza. Baraza ya duka lake na mlango wa ghala langu vinatazamana, kwa hiyo hata siku ambayo hatutaki kuonana tunaonana. Mimi mtu wa serikali, yeye mtu wa Baba, yaani Raila. Soko zima linajua, na mteja akitaka kazi isimame anajua pa kuchokoza.

Anayeifahamu ramani ya kura ya kaunti yetu ya Migori haoni ajabu. Ukianzia Rongo ukaja Awendo, Uriri na Suna, ukateremka hadi Nyatike ziwani, kura ya urais kule ilikuwa ya Raila mpaka watoto wa shule wanajua. Sisi Wakuria tuko pembeni, mgongo tumeuegemeza Tanzania, na kwa kuwa tu wachache ndani ya kaunti tumejifunza uchache wenye hesabu: wenzetu wakienda upinzani, sisi tunaelekea serikalini. Mwaka 2022 majimbo yetu yote mawili, Kuria Magharibi na Kuria Mashariki, yalipeleka bungeni wabunge wa UDA, huku ugavana ukienda kwa Ochilo Ayacko wa ODM. Na mgombea ugavana mwenye akili zake hujua pa kutafuta naibu: huku kwetu.

Basi ndani ya ramani hiyo, mimi na Fundi tulijitengenezea utaratibu. Saa nne asubuhi tunakutana kwa Mama Hoteli, chai ya maziwa na mandazi. Siasa haianzi kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Haizungumzwi mmoja wetu akiwa na deni la mwenzake la zaidi ya wiki, kwa sababu hapo hujui anayejibu ni mtu au ni deni. Na lile kubwa, ambalo ndilo chimbuko la kesi hii: aliyeshindwa kura ya urais analipa chai mpaka uchaguzi ujao.

Nisijisifu, ila tangu Machi 2013 nimekunywa chai ya Fundi. Uhuru na Ruto walishinda, Mahakama ya Juu ikakubali, Fundi akaingiza mkono mfukoni. Agosti 2017 walishinda tena, akaingiza mkono tena. Halafu Septemba 1, 2017, majaji chini ya Maraga wakafuta ule uchaguzi. Sitaki kukumbuka. Fundi alivuka barabara akiwa na futi kamba shingoni, hakusema neno, akaketi, akamwita Mama, akaagiza chapati mbili, ndengu, mayai, na chai ya "yule Mzee wa Tano Tena ndiye anayelipa". Aliendelea hivyo mpaka kura ya marudio ya Oktoba 26, ambayo watu wake waliisusia. Nilimwambia kususia ni kushindwa. Akasema aliyesusia hakushindana. Mama akasema chapati haijui kususia. Nilishinda hoja hiyo kwa kura mbili dhidi ya moja, lakini tayari alikuwa amenila pesa ya gunia zima.

Msidhani tulikuwa tunabishana ovyo. Tulibishana kwa takwimu. Agosti 2022 tume ilipoweka Fomu 34A wazi kwa kila mwenye simu, vituo zaidi ya 46,000, Kehancha yote iligeuka Bomas ya kujumlishia kura. Fundi aliacha sare za shule mezani, akawa anajumlisha Turkana. Mimi niliacha mahindi kwenye turubai, mvua ikaninyeshea gunia saba huku nahesabu kura za Kirinyaga. Agosti 15 mwenyekiti wa tume, Chebukati, akatangaza: Ruto 50.49, Raila 48.85. Nikanyoosha mguu nikingoja chai. Kesho yake makamishna wanne wakaenda hoteli ya Serena, wakasema ukijumlisha asilimia za wagombea wote unapata 100.01, na hiyo 0.01 ni kura kama 142,000.

Fundi alikuja mbio. "Mura! Imezidi! Imezidi mia!"

Nikatoa kalkuleta yangu ya kupigia hesabu za magunia. Kura halali ni milioni 14 na ushee, asilimia 0.01 yake ni kura 1,400 hivi. Na hata hizo si kura, ni ile desimali ya mwisho iliyosukumwa juu kila namba ilipokatwa. Nikamwonyesha kioo cha kalkuleta. Akakitazama vile anavyotazama kitambaa cha bei rahisi, akakisogeza kwa kidole.

"Hii kalkuleta yako ni ya Kenya Kwanza," akasema. "Na mimi ni fundi. Nguo ikizidi hata nusu inchi, haivaliki."

Mama Hoteli alikuwa anatusikiliza akikanda unga. Yeye, ukitaka kujua, alimpigia kura Wajackoyah. Hafichi. Anasema wale wengine waliahidi maisha mazuri bila kusema yatatoka wapi, lakini Wajackoyah alitaja bidhaa zenyewe: bangi, nyoka, na zile sehemu za fisi za kuuzwa Uchina. "Yeye angalau alikuwa na hesabu ya stoo," anasema. Kura 61,969 nchi nzima, na moja ni ya anayetupikia chai. Nawaambia haya mapema kwa sababu ndiye mtu pekee katika safu hii ambaye msimamo wake haujahama.

Mwaka huohuo niliozesha binti. Nikampa Fundi kitambaa cha kijivu anishonee koti, nikamlipa nusu, nikapimwa kifua, nikaambiwa nimekuwa mkubwa kama bajeti. Koti likaja limekaa sawasawa, mabega yamelala, nikajiona mtu. Kanisani joto likapanda. Mstari wa mbele tulikaa na mgombea mmoja wa UDA, alikuja kutoa salamu na bahasha, na kampeni ilikuwa imechacha. Nikavua koti nikaliweka mapajani, ndani nje. Bitana ilikuwa chungwa. Si chungwa la kubahatisha; lile chungwa lenyewe, la ODM, linang'aa mpaka mchungaji akapoteza mstari. Mheshimiwa alilitazama, akanitazama, akasogeza bahasha upande wa pili wa kiti.

Jioni nilimwendea Fundi na maneno niliyoyapanga njiani. Alikuwa anakula nyama ya arusi yangu. Akasema bila kuacha kutafuna, "Mura, ndani ya kila mtu kuna Baba."

Sasa niambieni, mtu kama huyo unamwacha vipi? Nimewahi kusikia watu wakisema huwezi kuwa rafiki na mtu wa chama kingine mpaka muwe hamzungumzii siasa. Sisi tukiacha siasa tutazungumza nini? Goti lake? Nimelisikia. Sukari yangu? Anaijua. Wale wanaokaa pamoja kwa kunyamaza mimi siwaelewi, naona wanangoja tu mmoja ahame mtaa.

Kuna jambo moja tu hatulipigii domo. Januari 2008, nchi ilipokuwa inaungua, cherehani yake ililala ghalani kwangu, katikati ya magunia, imefunikwa turubai, naye akawa kwao Magunga mpaka mambo yalipotulia. Aliporudi aliifunua, akaipaka mafuta, akakaa kushona. Hajawahi kulipa kodi ya ghala, na mimi sijawahi kumdai, na mkiona nalitaja hapa jueni ni kwa sababu ya hasira za mambo mengine.

Tena mpinzani ana faida ambazo mtu wa chama chako hawezi kukupa. Watu wa chama changu waliniletea habari njema peke yake. Mbolea ya ruzuku iliposhuka mpaka shilingi 2,500 mfuko, mwaka 2023, nilipigiwa simu na watu wanne wakinipongeza kana kwamba nimeichanganya mimi. Ushuru wa mafuta ulipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka huohuo, hakuna aliyenipigia. Ni Fundi aliyevuka barabara kuniambia nipandishe nauli ya lori kabla sijala hasara. Na 2024 ilipofichuka kuwa baadhi ya mifuko ya ile mbolea ilikuwa mchanga na takataka, ni yeye aliyenisomea gazeti, aya kwa aya, kwa sauti ya mchungaji, mpaka mwisho. Nilikasirika siku nzima. Lakini msimu ule nilikagua kila mfuko kabla ya kuufungua, na simshukuru, kwa sababu akishukuriwa anaongeza bei ya suruali.

Basi mkiona wanasiasa wanashikana mikono, jueni wanamtoa mtu kama huyo kazini.

Na nimegundua mwezi. Ni Machi. Angalieni wenyewe. KANU ya Moi ilimeza NDP ya Raila pale Kasarani Machi 18, 2002, na huyo Moi ndiye aliyemweka Raila kizuizini miaka ya themanini. Uhuru na Raila walishikana mikono kwenye ngazi za Harambee House Machi 9, 2018. Ruto na Raila walitia saini mkataba wao wa vipengele 10 pale KICC Machi 7, 2025. Hata ule mkataba wa Kibaki na Raila wa 2008, wa Kofi Annan, ulikuwa Februari 28, na kwa kuwa mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, Machi ilikuwa imebakiza siku mbili ifike. Huwezi kuniambia hiyo ni bahati. Machi ndio mwezi wa kupanda. Mtu wa kawaida ameinama shambani na jembe, mbegu mfukoni, jicho moja kwenye mawingu. Akiinuka kunyoosha mgongo anakuta aliyekuwa adui yake sasa ni mshirika, na hakuna aliyemuuliza.

Ile ya 2018 ilitupiga lakini tukaivumilia. Fundi alikuja akisema, Baba yuko ndani, kwa hiyo mimi niko ndani, chai nalipia nini? Mimi nilibaki na Ruto, na Ruto alikuwa Naibu wa Rais katika serikali iliyomgeukia, hivyo nikawa mpinzani ndani ya serikali niliyoipigia kura. Jaribuni kumweleza Mama Hoteli hayo. Tukakubaliana kila mtu ajilipie mpaka 2022. Ilikuwa miaka mikavu. Mtu anayejilipia chai anaipima, haagizi mandazi ya pili, anaondoka mapema. Uchaguzi ulipokuja na Fundi akarudi kulipa, nilifurahi zaidi kwa sababu ya utaratibu kuliko kwa sababu ya urais.

Kisha ikaja hii ya sasa, ambayo ilianza kabla ya mkataba. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Binti yangu mdogo na kijana wa Fundi wote walikuwa Nairobi, na baadaye nikaona picha: wamesimama pamoja, chupa moja ya maji, bendera moja. Hawana chama. Nilimpigia binti, nikamwuliza anafanya nini na watu wa upinzani. Akaniambia, "Baba, wewe na Fundi ni kitu kimoja." Nilikata simu. Rais akakataa kutia saini mswada, akavunja baraza la mawaziri, na Agosti 8 wakaapishwa wapya, wakiwemo watu wa ODM: Joho, Oparanya, Wandayi. Na Hazina ya Taifa akapewa John Mbadi.

Mbadi! Mtu wa Suba Kusini! Aliyekuwa mbunge wa akina Fundi wenyewe!

Mnaona shida inapoanzia. Kwa miaka kumi na zaidi hoja tamu kuliko zote za Fundi ilikuwa kodi. Alikuwa akishika noti ya mia, anaikunja mara moja, "hii ya barabara ambayo haipo", anaikunja tena, "hii ya nyumba ambayo hutakaa", anaikunja mpaka inabaki kama kitufe, kisha anaiweka mezani anasema, "hii ndiyo yako, mura." Watu walikuwa wakija kutoka meza nyingine kutazama. Wiki aliyoapishwa Mbadi nikamchokoza makusudi. Nikatoa noti yangu, nikaanza kuikunja. Fundi akanishika mkono.

"Kodi ni lazima," akasema. "Nchi itaendeshwa na nini?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nikitafuta ile chembe ya kicheko anayoificha upande wa kushoto, chini ya masharubu. Haikuwepo.

Tangu hapo nimekuwa nabishana peke yangu. Bima mpya ya afya, SHA, ilipoanza Oktoba 2024, Fundi wa zamani angeipasua kama bitana. Fundi wa sasa aliniuliza kama nimejisajili. Nikasema sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na mimi pesa zangu zote ziko ndani ya magunia. Akasema, "Afya ni uwekezaji." Uwekezaji! Neno hilo hajalitumia hata siku moja juu ya cherehani yake. Ya mbolea ndiyo iliyoniumiza kabisa. Mwaka jana nililalamika tu, kama mtu wa mahindi anavyolalamika, kwamba imechelewa. Akanisomea faida za ruzuku, moja baada ya nyingine, zilezile nilizokuwa nikimsomea mimi 2023, na kwa sauti ileile ya mchungaji.

Mimi sijasogea hata hatua moja. Nimekaa palepale, kiti kilekile, nimetazama mlango uleule. Lakini kwa kuwa mwenzangu amepita mbele yangu akakaa serikalini kunishinda, watu wameanza kuniona mimi ndiye mpinzani. Juzi Fundi alinikazia macho akaniuliza polepole, kwa huruma, "Au umekuwa mtu wa wantam, wa kutaka Ruto aishie muhula mmoja?" Mimi! Niliyelipiwa chai kwa kuwa mtu wa serikali! Naibu wa Rais Gachagua alipotimuliwa na Seneti Oktoba 2024 nilisema tu nusu ya tikiti niliyoipigia kura imeondoka, ningependa risiti. Hiyo ndiyo wantam?

Jirani mmoja alinishauri nitafute mpinzani mwingine. Wapo, ila ni wa karibu mno. Siasa za Nairobi ni nyepesi kubishania kwa sababu rais hajui kama mimi na Fundi tupo. Za hapa ni nyingine. Hapa kuna Bukira na Bugumbe upande huu, Nyabasi na Bwirege upande ule, na mwakilishi wa wadi anajua shamba lako liko wapi na mkwe wako ni nani. Nina ndugu wa tumbo moja ambaye tangu kura ya mchujo ya wadi tunasalimiana kwa kukohoa. Na yule tuko chama kimoja! Kwa hiyo mtu akiniambia jambo gumu ni kupatana na wa chama kingine, namtazama tu. Aje kwetu mchana wa kuhesabu ng'ombe wa mahari.

Oktoba 2025 sikubishana na mtu. Tarehe 15 habari zilitoka India kwamba Raila amefariki. Fundi alifunga duka saa ile, sare za watu zikabaki nusu mkono. Alipoamua kwenda Kisumu kumuaga, tarehe 18, nilikwenda naye. Si kwa chama. Magari yalikuwa yamejaa na yeye hajui kugombania kiti; anasimama kando kwa adabu mpaka gari linaondoka. Nikamsukuma dirishani mimi mwenyewe, mtu wa rika langu, pale Migori, watu wakitazama. Mamboleo ilikuwa watu, matawi na vumbi. Nilikuwa na maneno mengi juu ya yule mzee, miaka yote ile nilikuwa nayapika kila saa nne, na yote nilirudi nayo tumboni. Njiani Fundi aliniuliza jambo moja tu, karibu na Oyugis: "Sasa wewe utakuwa unabishana na nani?" Swali hilo lilikuwa langu, nami ndiye niliyepaswa kumwuliza.

Mwisho wa mwezi huohuo likaja la upande wa pili. Shemeji yangu yuko Sirari. Ukivuka mpaka pale Isebania unanusa chakula chake. Wakuria wa Tarime ni watu wa siasa kuliko sisi. Huko ndiko kwao Chacha Wangwe, mbunge wa CHADEMA aliyefariki 2008, na ndiko anakotoka John Heche. Shemeji ni CCM, mdogo wake ni CHADEMA, na arusi zao ninazozijua zilikuwa na shati la kijani meza hii na gwanda meza ile, na ng'ombe mmoja kwa wote. Shemeji alikuwa akitucheka sisi Wakenya kwa kelele zetu. Safari hii CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura kabisa, na kura ya Oktoba 29 ilipofika ikaja na ghasia, na intaneti ikazimwa. Tulikaa siku kadhaa bila kumpata. Alipopatikana, nilimwuliza habari za kule. Akauliza bei ya mahindi. Nikamtajia. Nikamwuliza mdogo wake hajambo? Akasema, "Yupo," kisha akauliza tena bei ya mahindi. Nikamtajia tena.

Nilimsimulia Fundi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza baada ya miezi mingi ambayo hakutetea kitu chochote. Tukanywa vikombe viwili kila mmoja.

Na vikombe hivyo ndivyo tunavyogombania. Tangu Machi 2025 Fundi amekataa kulipa, kwa hoja kwamba walioko serikalini hawalipi chai. Mimi nimekataa kwa hoja kwamba 2022 nilishinda na matokeo hayajafutwa. Mama Hoteli anaandika. Ana daftari lenye jalada la mwanasiasa ambaye simtaji, na ukurasa wetu umekuwa kurasa. Juma lililopita alitusomea jumla mbele ya wateja, na Fundi, kwa ujasiri wa mtu aliyekaa karibu na Hazina, akapendekeza deni liahirishwe mpaka Agosti 10, 2027, uchaguzi utakapoamua. Mama akamwuliza, huo uchaguzi atakuwa upande gani? Fundi akatazama mezani. Chama chake chenyewe kimegawanyika, wengine wanataka kubaki na Ruto, wengine wanataka watoke kesho asubuhi.

"Basi nyinyi wawili hamna hata wa kumshinda," Mama akasema. "Mimi nilishindwa peke yangu, kura elfu sitini na moja, na nimelipa unga wangu mwenyewe kila siku."

Nimejaribu suluhu. Machi inakuja, na mimi kila nikiona mawingu ya Machi tumbo linakaza. Nimemwambia Fundi mwezi huo asisikilize redio, asiende mkutano wowote, asishike mkono wa mtu yeyote aliyevaa suti. Nimejitolea kumpa kipande cha shamba langu nyuma ya ghala apande mahindi, mbegu juu yangu, mbolea juu yangu, mavuno yake, kwa sharti moja: alipe lile deni la Mama na arudi kunipinga kama zamani.

Alifikiri kwa muda, akajipima kiuno kwa futi kamba kama afanyavyo akiwa na mawazo. Akasema ni pendekezo zuri, lakini hawezi kuamua peke yake. Lazima alipeleke kwanza chamani.